Hilaire Kisimba Ilunga na Gari Ambalo Hakuliuza

Ndugu, jamaa na majirani, nawe Padri Maarten uliyeniomba nisipitishe dakika kumi: tumekutana hapa Ganshoren, Brussels, leo Jumamosi, tarehe 22 Machi 2025, kumzika Hilaire Kisimba Ilunga, fundi. Mimi ni Priscille, dada yake mkubwa, na kwetu dada mkubwa ndiye anayesimulia habari za marehemu. Haya nitakayosoma yamo kwenye kijitabu mlichopewa mlangoni, neno kwa neno. Vijana waliokipanga walitaka nifupishe, nikawakatalia. Kuna jambo humu ambalo nataka libaki kwenye karatasi, mtu asije kesho akasema hakusikia. Na wale mnaocheka Kiswahili changu kuwa ni cha kitabu, mnajua niliolewa Kigoma nikakaa huko miaka ishirini na mmoja kabla ya kuja huku. Padri, dakika zako nitazipitisha, utanisamehe.

Hilaire alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Mei 1957 huko Kongo, katika mji wa Albertville, ambao leo ni Kalemie. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Ilunga Dieudonné, dereva wa garimoshi, na Mwamini Véronique, mshonaji wa nguo. Mimi nilimtangulia kwa miaka mitatu, na nilimbeba mgongoni mpaka mama akanikataza kwa sababu mtoto alikuwa mzito kuliko mbebaji. Alipokuwa na miaka saba aliifungua baiskeli ya baba Jumapili asubuhi, kila kipande, akavipanga vipande kwenye mkeka. Baba alikwenda kanisani kwa miguu akiwa amevaa suti, huku akinung'unika njia nzima. Aliporudi alikuta baiskeli imesimama ukutani, nzima, na ule mlio wa pedali uliomsumbua mwaka mzima umekwisha. Baba alimchapa kwanza, halafu akampa kipande cha nyama kutoka sahani yake mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri kuanzia 1963 hadi 1969, kisha shule ya ufundi hapo hapo Kalemie, akahitimu mwaka 1974 kama fundi wa mitambo. Katika hesabu na uchoraji alikuwa wa kwanza. Katika imla ya Kifaransa alikuwa wa mwisho, na hakuona aibu. Alimwambia mwalimu wake kwamba Kifaransa kina herufi nyingi mno ambazo hazifanyi kazi yoyote, na kwamba mashine ya namna hiyo isingewaka. Aliwekwa chini ya adhabu siku mbili. Hata alipokuwa baba wa watu, hapa Brussels, aliandika jina la mtaa wake jinsi linavyosikika, na barua zilimfikia.

Mwaka 1975 aliajiriwa kwenye karakana ya reli ya Kalemie, akafanya kazi humo miaka kumi na saba. Humo ndimo alimojifunza desturi aliyoishika mpaka mwisho. Pale karakanani, aliyekaza nati hakuruhusiwa kuipitisha mwenyewe. Alimwita mtu mwingine, akampa spana, na huyo mwingine akaijaribu nati kwa mkono wake, kisha akaitia alama ya rangi. Ikilegea njiani, anaulizwa mwenye alama. Hilaire alisema hivyo ndivyo watu wanavyopaswa kuishi, na alikuwa anasema kweli, kwa sababu alitufanyia hivyo sote, kama mtakavyosikia.

Jumamosi tarehe 15 Septemba 1984 alifunga ndoa na Pétronille Feza, binti wa mwalimu, aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni. Inasemekana Hilaire alinunua vitambaa vya mapazia mara nne kabla ya kupata ujasiri wa kusema kingine, na chumba chake kilikuwa na dirisha moja. Wiki ya nne Pétronille alimuuliza kama anajenga hospitali. Walijaliwa watoto wawili, Dady, aliyezaliwa Kalemie mwaka 1986, na Nadia, aliyezaliwa hapa Brussels mwaka 1998. Waliishi katika ndoa miaka arobaini na nusu. Mimi nilikuwa wifi mkali, sitaficha. Miaka kumi ya kwanza nilikuwa nikimsalimu Pétronille kwa kumwangalia viatu.

Hapa lazima niseme habari ya baba yetu, maana bila hiyo hamtaelewa habari ya gari. Baba alifariki tarehe 9 Agosti 1989. Siku ya tatu baada ya mazishi walikuja baba wadogo wanne kutoka kijijini, wakachukua baiskeli, redio, vitanda viwili, mabati yaliyokuwa yamewekwa kwa ajili ya jiko, na cherehani ya mama. Hawakuvunja mlango. Walikuwa wakifanya kilichokuwa kikifanywa: mali ya mwanamume inarudi kwa ukoo wake, na mjane anarudi kwao na nguo zake. Hilaire alikuwa na miaka thelathini na miwili, ana mke na mtoto, akajaribu kusimama mlangoni. Wakamwambia yeye ni mtoto, asogee. Alisogea. Mama yetu aliishi miaka mitano zaidi, akiuza sabuni kipande kwa kipande mbele ya nyumba ya kupanga.

Hilaire alifika Brussels Jumapili tarehe 7 Februari 1993, akashuka Gare du Midi na mfuko mmoja, akiwa amevaa suti ya arusi yake kwa sababu ndiyo nguo nzito aliyokuwa nayo. Nje ya stesheni soko la Jumapili lilikuwa limechangamka, na aliniambia kwamba alipoona mafungu ya mihogo na kusikia watu wanavyobishana bei, woga ulimtoka. Alifagia ofisi, akaosha vyombo, akabeba magodoro. Mwaka 1999 akapata kazi ya ufundi katika gereji la mabasi, akabaki hapo mpaka alipostaafu mwaka 2022. Pétronille na Dady walikuwa wameshamfuata mwaka 1997, wakapanga nyumba Molenbeek, karibu na mfereji, na nyumba hiyo hawakuihama tena.

Kwenye soko hilo hilo la Midi, mwaka 2005, Hilaire alikuwa ameinama juu ya meza ya vyuma vikuukuu, akisema peke yake kwa Kiswahili kwamba muuzaji ni mwizi. Mzungu mzee nyuma yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba kweli ni mwizi, lakini spana zake ni nzuri. Huyo ni papa Armand, yaani mzee Armand, yule pale aliyekaa mbele na blanketi magotini, ambaye aliwahi kufundisha shule Albertville akiwa kijana, na ambaye sasa ana miaka tisini na mmoja. Wakaenda kunywa kahawa. Kabla kahawa haijapoa papa Armand alikuwa ameshamweleza habari ya gari lililokuwa kwenye gereji lake, hapa hapa Ganshoren, mitaa miwili kutoka tulipo.

Gari lenyewe ni Pontiac GTO ya mwaka 1967, la Kimarekani, milango miwili, injini ya silinda nane inayokunywa petroli bila adabu. Papa Armand alilinunua Antwerp mwaka 1971 alipokuwa bado anataka watu wamwangalie, na lilikuwa halijasogea tangu 1984. Marehemu mkewe, maman Lutgarde, alikuwa amelijaza chupa za jemu. Panya walikuwa wamekula viti. Sakafu ulipokanyaga mguu ulitokea barabarani. Papa Armand alisema atampa Hilaire gari hilo bure kwa sharti moja, kwamba alitengenezee humo humo gerejini, ili yeye asikie injini ikiwaka kabla hajafa. Waliandikishana karatasi mwaka 2006.

Ikamchukua miaka kumi na mitatu. Kila Jumamosi alipanda metro hadi Simonis, kisha basi hadi Ganshoren, na mkate na sardini mfukoni. Kabureta aliifungua mara ishirini. Kioo cha mbele alikitafuta miaka miwili. Na kwa vile alikuwa mtu wa karakana ya reli, hakupitisha nati yoyote peke yake. Aliyekwenda kumsalimu Ganshoren alipewa spana kabla ya kikombe cha chai, akaambiwa ajaribu nati, akaitia alama kwa rangi ya kucha ya Pétronille, nyekundu. Padri Maarten ana alama zake mbili kwenye ekseli ya nyuma. Nadia ana kumi na moja. Mimi nina moja, kwenye bampa, na niliitia huku nikilalamika kwamba nimeharibu gauni.

Pétronille aliliita gari lile mbanda, yaani mke mwenza. Aliwaambia majirani kwamba yeye ana mume siku sita tu, ya saba anaye mwenziwe wa Ganshoren. Lakini chakula cha Jumamosi alikuwa akikiweka pembeni kimefunikwa, na mtu mwingine akigusa alijuta.

Jumapili tarehe 16 Juni 2019 injini iliwaka. Papa Armand aliletewa kiti nje, akalia waziwazi. Sauti ile ilifika mtaa wa tatu, na jirani mmoja aliita polisi. Wakaja wawili, mwanamume na mwanamke, wakasikiliza wakiwa wamekunja mikono, wakasema ni kelele mno kwa siku ya Jumapili, kisha yule mwanamke akamwomba Hilaire aongeze moto mara moja tena. Tangu siku hiyo hakuna arusi ya watu wa Kalemie hapa mjini ambayo Pontiac ya kijani haikutangulia msafara, na Hilaire nyuma ya usukani akiwa na glavu nyeupe, akienda polepole kwa makusudi ili watu waangalie.

Jumatatu tarehe 19 Februari 2024 daktari alimwambia kwamba ana saratani ya kongosho. Hilaire alimuuliza swali moja tu, ni sehemu gani inaweza kubadilishwa. Daktari alipomwambia hakuna, alimshukuru, akavaa koti. Nyumbani alifanya orodha ya mambo yake kwenye daftari la hesabu. Mengi yaliisha kwa wiki mbili, kwa sababu hakuwa mtu wa mambo mengi. Gari ndilo lililobaki, limezungushiwa duara mara tatu.

Watoto walikuwa na mawazo yao. Dady alisema liuzwe, gereji la papa Armand halitadumu milele na bima inaumiza. Nadia, aliyejifunza kuendesha kwenye gari hilo, alisema nani atauza kitu kama hicho. Walibishana vizuri, kwa heshima, wakala pamoja baadaye. Hilaire hakuwaogopa watoto wake. Alituogopa sisi, watu wa damu yake. Alijua kwamba nyumba ya kupanga haigawiwi na sofa la zamani halipigwi vita, lakini gari kama lile lingewaleta watu mlangoni kwa Pétronille kabla udongo haujakauka. Alikwisha kuwaona wakija. Aliona heri auze mwenyewe akiwa hai, fedha ziwe mkononi mwa mkewe, na ugomvi ukose cha kushika.

Kwa hiyo akamwalika Wout. Wout ni mkusanyaji wa magari ya zamani kutoka Ghent, mtu mwungwana, naye yupo leo pale nyuma. Alikuja Jumamosi tarehe 6 Aprili 2024 kuliangalia gari. Mfanyakazi mwenzake alikuwa amemwonya kwamba nyumbani kwa Wakongo huendi mikono mitupu, basi maskini akabeba kreti zima la bia, chupa ishirini na nne, akaliweka mezani gerejini mbele ya Hilaire na papa Armand na mimi. Halafu akaingia chini ya gari na tochi.

Sasa, wote mliooza binti mnajua. Mgeni akija na kinywaji kuomba kitu cha nyumba yako, kinywaji kinakaa hapo mezani, kimefungwa, mpaka mzee wa nyumba aamue. Kikifunguliwa, basi, mmekubali, mtoto ana mume. Hilaire alikuwa bado hajaamua. Alitaka kuongea na Pétronille kwanza. Lakini papa Armand, ambaye ana kiu tangu uhuru, alishika chupa, akaifungua kwa ukingo wa meza, akanywa nusu. Mimi na Hilaire tulikodoa macho. Papa Armand akatuangalia, akaiangalia chupa, akakumbuka. Anajua mila zetu kuliko vijana wetu, ila alikumbuka akiwa amechelewa.

"Bon," akasema, akajifuta mdomo. "Bia imekwisha kufunguliwa. Mutoto iko na bwana sasa."

Wout alipotoka chini ya gari alikuta watu watatu wamenyamaza kama msibani, akadhani tumependezwa na heshima yake. Alitaja bei. Sitaisema, maana kuna masikio humu. Hilaire angeweza kumcheka papa Armand na kuyaacha yale, kwa kuwa Mbelgiji wa Ghent hajui bia imefungua nini. Lakini kwake neno lilikuwa neno hata kama aliyelisikia ni yeye peke yake. Alimpa Wout mkono, wakapatana kuandikishana karatasi Jumamosi tarehe 4 Mei.

Nilikasirika, na nikikasirika najulikana. Jumapili tarehe 21 Aprili nilikwenda Molenbeek baada ya misa. Nilimkuta kwenye kiti chake, amepungua, shati linamning'inia. Sikuuliza hali. Nilimwambia kwamba gari si lake peke yake, kwamba kila mtu wa ukoo ana alama yake kwenye chuma kile, kwamba huko Kalemie watu wanalijua kwa picha, na kwamba mali ya ukoo wa Kisimba haiuzwi na Kisimba mmoja bila wenye jina kukaa kitako. Nilisema mengi. Pétronille alikuwa jikoni na mlango wazi, na kila nilichosema nilikisema kwa sauti ya kufika jikoni.

Hilaire alizima televisheni. Hakupandisha sauti.

"Yaya, minauliza mara moja tu," alisema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. "Siku nitakufa, ile motokari utaachia Pétronille, ao utaikamata, sawa vile ulikamata mashini ya mama?"

Niwaeleze, kwa kuwa wengi hamjui. Ile cherehani ya mama, mwaka 1989, baba wadogo walinipa mimi. Mimi ni binti mkubwa, walisema ni haki yangu. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi akiniangalia ninavyoifunga kwa kamba. Niliipakia melini nikaenda nayo Kigoma, nikashonea watu miaka saba, na nilipotuma fedha nyumbani nilijiona mwema. Hilaire alikuwepo siku ile. Miaka thelathini na mitano hakuwahi kunitajia, hata tulipogombana, hata nilipomsema mkewe vibaya mbele ya watu. Nilidhani amesahau.

Niwe mkweli mbele ya mwili wake, nilikimbia. Nilichukua mkoba wangu nikatoka, na chai yangu nikaiacha mezani.

Jumamosi tarehe 4 Mei, siku ya karatasi, mtaani kwangu palisikika mlio nisiohitaji kuambiwa wa nini. Niliangalia dirishani. Pontiac imesimama katikati ya barabara, inanguruma, magari mengine yanapiga honi nyuma yake, na mdogo wangu yuko ndani na glavu nyeupe. Nilishuka na kanga. Akaniambia anatoka Ghent. Alikuwa amekwenda kumrudishia Wout kreti lake, chupa ishirini na nne, mpya, zimefungwa, kama inavyorudishwa posa ikikataliwa. Wout hakuelewa kitu, alimshukuru, akafungua mbili wakanywa pamoja. Ilibidi Hilaire amweleze kwa saa nzima kwamba hapana, hizi ukifungua wewe si neno.

Nikamuuliza kwa nini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempa sababu zote za kuuza, na hata moja ya kutouza sikumpa.

"Nikiuzisha, ni kusema minaogopa dada yangu," alisema. "Na mi sina dada mwingine. Ile swali, utanijibu siku yenyewe."

Nilimuuliza siku ipi. Akaingiza gia, akaondoka. Hatukulitaja tena. Alikuja kwangu mara nyingi mwaka ule, tulicheza karata, aliniibia kama kawaida yake, na gari hatukuligusa. Nilikuwa na miezi kumi ya kumwambia, na kila alipoaga nilisema nitamwambia akija tena.

Alianza kulazwa mwezi wa Novemba. Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mkono wake mmoja ukiwa kwa Pétronille na mwingine kwa Nadia. Alikuwa na miaka sitini na saba. Hakuteseka sana siku za mwisho, na tunawashukuru wauguzi waliomwita Monsieur Pontiac.

Siku ile ile mchana nilifika Molenbeek. Nyumba ilikuwa imejaa. Pale mlangoni kuna msumari, na kwenye msumari zilining'inia funguo mbili za gari. Mkono wangu ulizichukua kabla sijafikiri, nikazitia mkobani. Kwetu shangazi huchukua funguo, shangazi zangu walifanya hivyo, na mkono unajua njia. Pétronille aliniona. Alikuwa amesimama ukumbini na kitambaa kichwani, akanitazama mimi na mkoba, akageuka kuwapokea wageni. Siku kumi na moja nimetembea nazo. Simu zimepigwa kutoka Kalemie kuuliza kama nimeshapata kontena la kulisafirishia gari. Hapa Brussels pia wapo walioniambia kwamba wana alama zao kwenye chuma, na hivyo wana fungu. Wajue kwamba kukaza nati moja mwaka 2012 hakumfanyi mtu mrithi.

Hilaire Kisimba Ilunga ameacha mjane, Pétronille Feza. Ameacha mwana, Dady, na binti, Nadia. Ameacha wajukuu watatu. Ameacha rafiki, papa Armand, na rafiki mwingine, Wout, ambaye leo amekuja mikono mitupu kwa kuogopa kuposa tena bila kujua. Ameacha wenzake wa gereji la mabasi, majirani wa Molenbeek, na maarusi wote aliowatangulia barabarani. Na ameacha dada mmoja, ambaye alimwachia swali.

Siku yenyewe ndiyo hii. Nyinyi mnaosikiliza kwa simu huko Kalemie, sogezeni sikio. Gari ni la Pétronille. Akiliuza Jumatatu, ni lake. Akiliacha lifie gerejini, ni lake. Akitaka kulijaza chupa za jemu, ni lake, na fedha yake ni yake, na hakuna Kisimba atakayemuuliza. Mtu wa damu yetu akienda kugonga mlango ule kwa ajili hiyo, atakayefungua ni mimi, na mnanijua. Sisemi haya kwa wema. Nasema kwa sababu mwanamke mmoja alikaa kwenye ngazi akaniangalia, na nilipita mbele yake.

Pétronille, wifi yangu, naomba usimame. Njoo hapa mbele, watu wakuone. Shika, hizi ni zako. Nisamehe hizi siku kumi na moja.

Hilaire, nimekujibu. Nenda upumzike sasa, mdogo wangu, hakuna atakayemgusa.